Namna ya Kuwa Prodyuza Mkubwa wa Pwani ya Kusini Bila Kusikiliza Chochote

Quincy Jones alipoteza muda mwingi sana. Alianza na tarumbeta, akazunguka na bendi za jazi, akaenda Paris kufundishwa utunzi na Nadia Boulanger, akaandika muziki wa filamu, na mwaka 1979 ndipo yeye na Michael Jackson wakatoa Off the Wall. Alikuwa na miaka 46. Kijana wa Ukunda mwenye laptopu ya mtumba na bando la siku moja anaweza kuwa prodyuza Ijumaa baada ya swala, na kufikia Jumapili akawa ameshagombana na wasanii wawili.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo. Unafaa kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga, na kwa watu wa Kinango unafaa zaidi msimu wa mvua, barabara zinapowanyima pa kwenda. Fuata hatua zote kwa mpangilio. Ukiruka moja, kuna hatari ukatengeneza muziki.

Hatua ya 1: Tafuta jina

Jina hutangulia kazi. Kule Dar es Salaam, Lizer wa Wasafi na S2kizzy wameyazoesha masikio ya Afrika Mashariki kusikia jina la prodyuza kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na Nairobi Magix Enga akafanya vivyo hivyo. Ni kweli kwamba wenzio hao walikuwa na nyimbo za kuweka chini ya majina yao, lakini hilo lisikukwaze. Weka jina, nyimbo zitajileta. Lisikike mwanzoni, lisikike kabla ya kiitikio, na lisikike tena pale mwimbaji anapomshukuru mamake, ili wasikilizaji wajue ni nani hasa anayestahili shukrani.

Jina lenyewe liwe la Kiingereza au liwe na namba ndani yake. Usitumie la ukoo. Jina kama la babu yako, lile linaloanza na Mwa-, linaweza kumfanya mtu adhani unatoka mahali fulani.

Hatua ya 2: Jifunze kutaja waliokuvutia

Iko siku Pwani FM au Radio Kaya watakuita studioni, na swali la kwanza litakuwa: ni wanamuziki gani waliokuvutia? Jibu lina mpangilio wake. Taja marehemu mmoja wa Marekani. Michael Jackson hakosi kukubalika. Taja Mnaijeria mmoja. Taja Mtanzania mmoja, lakini kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Wa Pwani usimtaje. Yuko karibu, anaweza kupiga simu akakuuliza ni wimbo wake upi unaoupenda.

Baada ya kuwataja, usiwachunguze. Anayechunguza hukutana na mambo ya kuvunja moyo. Atagundua kwamba nyuma ya ule wimbo wa kwanza wa Britney Spears, mwaka 1998, kulikuwa na Mswidi mmoja aitwaye Max Martin, ambaye tangu hapo amewaandikia mastaa wa kila rika na bado anaweza kupita sokoni Kongowea bila mtu kumwomba picha. Atagundua kwamba Giorgio Moroder, Muitaliano aliyekuwa akifanya kazi Munich, mwaka 1977 alimwekea Donna Summer karibu wimbo mzima wa "I Feel Love" kwa mashine, na kwamba kuifanya mashine ya zama zile ikae kwenye mdundo ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Atafikia kuamini kwamba staa wa pop ni kazi ya watu wengi, na kwamba wengi wao walikaa chumbani kwa miaka wakisikiliza. Habari kama hizi zinaharibu usingizi.

Hatari kubwa zaidi ni kuchunguza ya karibu. Ukianza na Siti binti Saad, utaambiwa kwamba mwaka 1928 alipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay ili arekodi sahani zake, nawe huwa unaona taabu kuvuka Likoni kwenda kununua waya wa maikrofoni. Ukiuliza habari za Mombasa, utasikia kwamba duka la Assanand and Sons lilitoa sahani za taarabu kwa lebo ya Mzuri, na kwamba baadaye Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, lilisambaza kaseti mpaka vijijini. Maprodyuza wa wakati ule walikuwa wenye maduka, walikaa nyuma ya kaunta wakajua mteja anarudia kununua nini. Ukimsikiliza Mzee Joseph Ngala wa Freretown, utasikia namna alivyochukua saksafoni akaichanganya na rumba, jazi na midundo ya Kimijikenda hadi ikawa bango, mtindo ambao mpaka leo huwainua wazee vitini harusini. Na hapo utaanza kujiuliza wewe umechanganya nini na nini. Usifike huko.

Hatua ya 3: Panga chumba

Studio ni chumba kimoja, Mvindeni au Maweni, chenye kitanda kilichoitwa sofa. Ukuta mmoja upigiliwe trei za mayai. Trei hizo hazizuii besi, hazizuii adhana, wala hazizuii jirani anayetwanga. Kazi yake ni kumjulisha mteja kwamba ameingia studio. Blanketi zito au kabati lililojaa nguo hufyonza mwangwi vizuri zaidi, lakini mteja akiona blanketi atadhani unalala humo, na atakuwa hajakosea.

Maikrofoni utaagiza Luthuli Avenue, Nairobi. Ikija itakuwa nyepesi kuliko ulivyotarajia. Iweke kwenye kishikio kirefu, iwashe taa ya rangi nyuma yake, na umpige msanii picha kabla hujajaribu kama inanasa sauti. Picha ndiyo itakayoonekana na wengi.

Feni huzimwa maikrofoni inapowashwa. Mwezi wa Februari, joto la kaskazi likiwa limekaa, mwimbaji huloa jasho kabla ya ubeti wa pili. Zile hisia nzito unazozisikia katika nyimbo nyingi za mapenzi kutoka Ukunda asili yake ni hiyo. Kama uko upande wa Diani utapata pia mbega, wale waliofungiwa ngazi za kamba juu ya barabara wasigongwe na magari. Wakikimbia juu ya mabati mkiwa katikati ya kurekodi, usisimamishe. Mwambie msanii umeongeza ngoma za asili.

Hatua ya 4: Pakua programu, kisha lalamika kuhusu wizi

FL Studio ilitolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwaka 1997. Wewe utaipata kwenye flashi ya rafiki, pamoja na virusi vyake. Mwaka huohuo wa 1997 ilitoka pia Auto-Tune, kazi ya Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akiwasaidia watafuta mafuta kusoma mitetemo ya ardhi, akaona hesabu zilezile zinaweza kumrudisha mwimbaji aliyeteleza. Mwaka 1998 Cher aliitumia katika "Believe" bila kuificha. Hii pia iko kwenye flashi. Mwezi ujao, wimbo wako utakaposambazwa WhatsApp bila ruhusa, andika kwa uchungu kwamba Wakenya hawaheshimu jasho la msanii.

Auto-Tune iwekwe hadi mwisho, kwa kila msanii, bila kuuliza. Wako vijana wa Msambweni waliolelewa kwenye visomo vya madrasa na kaswida za maulidi, ambao sauti zao hupita katikati ya noti za piano, pale udi wa marehemu Zein l'Abdin ulipokuwa ukitembea kwa raha zake. Waarabu huzipanga sauti hizo katika makamu zenye majina, kama rasti na bayati. Programu yako ikiwekwa kwenye skeli ya kawaida ya Kizungu huziona kuwa kosa, na inalisahihisha kosa hilo kwa upole mpaka mtoto wa Msambweni anatoka akiimba sawasawa na mtoto wa Atlanta. Msifie. Mwambie sasa amekuwa wa kimataifa.

Hatua ya 5: Azima biti

Kuazima kuna wazee wake. Katika taarabu ya Mombasa, Juma Bhalo alijulikana kwa kuimba Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na watu waliotoka sinema walikuja kusikia sauti ileile ikiwa na kilio cha kwao. Ukikamatwa, jitetee kwa mfano huo. Usiendelee hadi kusema kwamba mashairi mengine yalitoka kwa Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, kwa maana utaulizwa ya kwako yametoka kwa nani.

Njia ya siku hizi ni nyepesi zaidi. Nenda YouTube, andika jina la staa unayemtaka, chukua biti iliyoigwa kutoka kwake, punguza kasi kidogo, weka jina lako. Novemba 2019 wimbo "Uno" wa Harmonize uliondolewa YouTube baada ya Magix Enga kudai kwamba umechukua biti ya "Dundaing", wimbo wa King Kaka alioutengeneza yeye. Wengi waliisoma habari ile kama ugomvi wa Kenya na Tanzania. Prodyuza makini anaisoma kwa njia nyingine: ili mtu aibe biti yako, lazima kwanza uwe na biti. Ukiwa na ya kuazima tu, umelindwa kabisa dhidi ya wezi.

Hatua ya 6: Ikimbie ngoma iliyo nyuma ya nyumba

Hatua hii ndiyo ngumu, kwa sababu Kwale ngoma haikimbiliki. Jumamosi unasikia sengenya ya Wadigo na Waduruma: chapuo, vumi na msondo zinajibizana, nzumari inakata juu yake, upatu unalia. Mzee mmoja ana chivoti, ile filimbi ya kupuliza kwa ubavu. Akina mama wana kayamba za matete zenye mbegu ndani. Shule zinaipeleka sengenya kwenye mashindano ya muziki ya taifa, na watoto wanaicheza kwa namna ambayo wewe mwenyewe uliwahi kuicheza kabla hujawa na jina lenye namba.

Funga dirisha. Kisha tumia bando zima kupakua kifurushi cha "ngoma za Kiafrika" kilichotengenezwa Los Angeles.

Sababu za kiufundi zipo, na unaweza kuzitoa bila aibu. Programu yako ikifunguliwa huhesabu nne kwa nne. Chakacha hutembea kwa sita-nane, na ngoma nyingi za Kimijikenda hupenda kugawa mpigo kwa tatu huku mguu ukienda kwa mbili. Kubadilisha hesabu hiyo kwenye programu huchukua sekunde chache, lakini baada ya hapo ni lazima ukae na wapigaji usikie ni nani anaingia lini, na wapigaji ni wazee: watataka nauli, chai, na kuitikiwa salamu kikamilifu mpaka wafike kwenye habari za ng'ombe. Kuna waliowahi kuvumilia hayo. Mombasa Roots waliingiza chakacha kwenye disko katika miaka ya 1980 kwa "Disco Cha-Ka-Cha", na hoteli za Pwani zikacheza. Tabu Osusa na Ketebul Music ya Nairobi, wakishirikiana na Abubilla Music ya Uingereza, wamekuwa wakizunguka vijiji vya Afrika Mashariki na studio ya kubebeka, wakirekodi wazee uwanjani mwao. Watu wametoka Nairobi na London kuja kusikiliza kitu ambacho wewe umekifungia dirisha.

Lakini subira ni dawa. Iko siku DJ wa Berlin atachukua nzumari ya Kinango aiweke kwenye wimbo wake, utachezwa dunia nzima, na hapo utaruhusiwa kumuiga yeye. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema lolote kuhusu mcheza kwa watu, nawe umeamua kulifanyia utafiti.

Hatua ya 7: Mchague msanii kwa macho

Mteja wako wa kawaida ataingia hivi:

"Kaka, mimi sauti sina, lakini wafuasi ninao."

"Sauti tutaitafuta, ndugu yangu. Wewe usinipotezee wafuasi."

Usimcheke. Mazungumzo kama hayo yamejenga majumba Ulaya. Frank Farian, prodyuza wa Kijerumani, alirekodi wimbo ambao ndani yake sauti zilikuwa zake mwenyewe, akautoa mwaka 1975 kwa jina la Boney M., kisha akatafuta watu wa kuonekana kwenye televisheni. Bobby Farrell alicheza hadi dunia ikamkubali, na ile sauti nzito ya kiume kwenye sahani ilikuwa ya Farian. Liz Mitchell na Marcia Barrett waliimba kwelikweli; wenzao wawili hawakusikika kwenye rekodi. Farian akauona mchezo unalipa, akaurudia na kundi la vijana wawili, Milli Vanilli. Februari 1990 vijana wale wawili walipewa Grammy ya wasanii wapya, na Novemba mwaka huohuo wakanyang'anywa, ilipojulikana kwamba hawakuimba hata neno kwenye albamu yao.

Ukisoma kisa hicho kwa makini utaona kwamba aliyefedheheka ni aliyesimama mbele ya kamera. Prodyuza aliendelea na kazi. Kwa hiyo mchague msanii mwenye sura, umvishe miwani ya jua usiku, umfundishe kutamka Kiswahili cha Dar es Salaam ikiwa ni wimbo wa mapenzi na lafudhi ya Jamaika ikiwa ni wa vurugu. Akiwa mzaliwa wa Vanga ana nusu ya kazi mkononi: mpaka uko mlangoni mwake, na bongo fleva hakuisubiri ifike kwa njia ya Nairobi. Kidigo chake abaki nacho cha kuombea chumvi nyumbani.

Kuhusu nidhamu, Quincy Jones alipowakusanya mastaa kurekodi "We Are the World", Januari 1985, alibandika mlangoni karatasi ya kuwaomba waache kiburi nje. Ukunda desturi ni tofauti kidogo. Viatu huachwa mlangoni, kiburi kinaingia na mwenyewe na kinataka kiti.

Hatua ya 8: Miksi mara moja, kwa sauti ya juu

Bruce Swedien, fundi mitambo wa Michael Jackson, alisimulia kwamba "Billie Jean" aliimiksi mara 91, na mwishowe wakachagua ile ya pili. Hapa kuna funzo la wazi: angeacha baada ya ya pili, angeokoa umeme. Wewe acha baada ya ya kwanza, tokeni zisije zikakatika kabla hujahifadhi kazi.

Sikiliza kwa spika kubwa tu, na besi ipandishwe hadi mlango wa jirani utetemeke. Wako watakaokushauri usikilize pia kwa sauti ya chini, kwenye simu ya bei rahisi, ndani ya tuktuk inayotoka Ukunda kwenda ufuoni, kwa kuwa huko ndiko wasikilizaji wako waliko. Watakwambia kwamba kwenye spika ya simu ile besi uliyoihangaikia haisikiki kabisa, na kinachobaki ni sauti ya mwimbaji na maneno yake. Hayo ni maneno ya watu wenye wivu.

Hatua ya 9: Lijue soko

Soko la kwanza ni hoteli. Kuanzia Diani hadi Msambweni bendi za hoteli zimevaa vitenge na zimepiga "Jambo Bwana" kwa vizazi viwili. Wimbo huo uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, ukatoka 1982, na mwaka 1983 Boney M., wale wale wa Farian, wakatoa wa kwao kwa jina la "Jambo". Walikuwa wameshaimba "Malaika" 1981. Chukua muda kuitazama safari hiyo. Kalanda na ndugu zake walikuwa bendi ya hoteli. Walisikiliza maneno ambayo mgeni huyasikia siku yake ya kwanza Kenya, wakayapa mdundo ambao hata mzungu asiyejua kucheza angeweza kupiga makofi juu yake. Prodyuza bingwa wa Ujerumani, mwenye mashine zote, alikuja kuazima kwa watu waliokuwa wakisikiliza.

Wewe usihangaike na hayo. Kazi za hoteli zina msimu wake. Aprili hadi Juni, mvua za masika zikinyesha, nyingine hufunga milango na bendi hurudi nyumbani. Kaa kwenye masoko ya uhakika. Harusi zipo, ingawa mwenye harusi hulipa kwa pilau. Disko za matanga zina spika kubwa, ila machifu huzipiga marufuku. Soko lililo bora kuliko yote ni siasa, na uchaguzi wa 2027 uko karibu. Tengeneza wimbo mmoja wa kampeni, wenye vigelegele mwanzoni na ahadi ya maji katikati, kisha uache nafasi ya sekunde mbili pale panapoingia jina. Uuze kwa wagombea wa viti vyote. Huo ndio muziki pekee Kwale unaolipwa kabla haujarekodiwa, na uwadai mapema, kwa sababu aliyeshinda hapokei simu na aliyeshindwa hana salio.

Hatua ya 10: Usiandike chochote

Mkataba huleta uhasama. Mmekua pamoja, mmecheza mpira uwanja mmoja, mama zenu ni wa chama kimoja. Karatasi ya nini? Gonganisheni konde, mseme "tutaelewana". Wimbo ukianguka, mtaelewana kweli. Ukipanda, mtaonana kwa wakili.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kwa rekodi ya sauti, humtambua yule aliyefanya mipango ya rekodi kufanyika. Isome tena sentensi hiyo ukiwa chumbani kwako Mvindeni. Msanii amelipa nusu ya pesa, laptopu ni yako, biti umeazima, maikrofoni ni ya binamu, na shairi liliandikwa na mtu mwingine aliyeahidiwa soda. Ni nani aliyefanya mipango? Marekebisho ya mwaka 2022 yanampa mwenye haki ya wimbo asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Asilimia 52 ni fungu nono, na litakwenda kwa yule aliyesajiliwa. Bodi ya Hakimiliki haina fomu yenye kisanduku cha "tulielewana".

Ukitaka kujua usipoandika mambo huishaje, itazame "Malaika". Dunia iliijua kwa sauti ya Fadhili William, jirani yetu wa Taita, kisha kwa Miriam Makeba, kisha kwa Boney M. Imepigwa harusini, hotelini na ikulu, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeitunga. Fadhili amefariki tangu 2001, na ubishi unaendelea bila yeye.

Neno la mwisho kwa asiyeridhika

Huenda wewe ni mkaidi, umesoma hatua kumi na unataka muziki licha ya yote. Basi kejeli tuiweke kando. Geuza orodha hii juu chini. Anza na ya kumi, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote: karatasi moja, majina kamili, nani ana asilimia ngapi, sahihi na tarehe, kabla maikrofoni haijawashwa. Nenda kwenye ya sita, itakayokugharimu Jumamosi moja na chai ya wazee. Waombe ruhusa, warekodi, uwalipe, na majina yao yaingie kwenye ile karatasi ya kwanza. Halafu usikilize rekodi hiyo mara nyingi kabla hujaongeza chochote juu yake. Mastaa unaowapenda, kuanzia Siti hadi Michael, nyuma yao palikuwa na mtu aliyekaa kimya akasikiliza. Kwale ina waimbaji wa kutosha na ngoma za kutosha. Mtu huyo ndiye anayetafutwa.